Jinsi Figo Zinavyodhibiti Uwiano wa Elektroliti Mwilini

Elektroliti ni madini yaliyoyeyuka katika maji ya mwili na kugawanyika kuwa chembe zenye chaji ya umeme, ambazo wanakemia huziita ioni. Zile zinazoonekana mara nyingi kwenye karatasi ya majibu ya maabara ni sodiamu, potasiamu, kloridi na bikaboneti. Kalsiamu, fosfeti na magnesiamu huongezwa daktari anapoziomba. Chaji hiyo ndiyo inayoziwezesha neva kupeleka ujumbe, misuli kukaza na kulegea, na moyo kupiga kwa mpangilio, na kwa sababu hiyo kiwango cha kila moja katika damu hakiwezi kuachwa kiyumbe. Sodiamu hukaa kati ya millimoli 135 na 145 kwa lita (millimoli ni kipimo cha wingi wa chembe), na potasiamu kati ya 3.5 na 5.0 tu. Uwiano wa elektroliti, basi, ni hali ya kila mojawapo ya madini haya kubaki ndani ya mipaka yake, hata kama mtu leo amekula samaki mkavu mwenye chumvi nyingi na kesho atakula viazi vitamu vitupu. Kazi hiyo huangukia figo kwa sehemu kubwa.

Maelezo mengi kuhusu figo huishia kwenye kauli kwamba figo huchuja damu na kutoa uchafu. Kauli hiyo si ya uongo, ila inamwacha msomaji mlangoni, kwa kuwa kuchuja peke yake hakudhibiti chochote. Kila figo ina vichujio vidogo vinavyoitwa nefroni, takriban milioni moja kwa kila figo, na kila nefroni huanza na kishada cha mishipa myembamba sana ya damu kilichokaa ndani ya kifuko ambacho Mwingereza William Bowman alikieleza mwaka 1842. Msukumo wa damu hukamua maji kutoka kwenye kishada hicho na kuyaingiza kifukoni, na pamoja nayo hupita karibu kila kitu kidogo kilichoyeyuka: sodiamu, potasiamu, sukari, bikaboneti, na yurea, ambayo ni taka inayotokana na protini. Seli za damu na sehemu kubwa ya protini hubaki nyuma. Hakuna uchaguzi mwingine hapo. Kizuri na kibaya hupita pamoja.

Wingi wa kinachopita ni wa kushangaza. Kwa mtu mzima mwenye afya, mililita 125 hivi huchujwa kila dakika, yaani lita 180 kwa siku, wakati maji ya damu, plazma, ni lita 3 hivi tu kwa wakati wowote. Ndani ya lita hizo 180 mna sodiamu ambayo, ikipimwa kama chumvi ya mezani, ingekaribia kilo 1.5. Hata hivyo mkojo wa siku nzima ni lita moja au mbili, na chumvi iliyomo kwa kawaida ni gramu chache tu, sawa na ile aliyokula mtu siku hiyo. Anayechambua maharage kabla ya kuyapika huokota mawe na kuyatupa. Figo hufanya kinyume chake, humwaga gunia zima na kisha kuokota punje moja moja zinazostahili kurudi. Udhibiti wote tunaouzungumzia umo katika huko kuokota. Madini ambayo mwili unayo kwa wingi huachwa yaende na mkojo, na yale yaliyopungua hurudishwa karibu yote.

Urudishaji hufanyika ndani ya mirija midogo inayotoka kwenye kila kifuko. Katika kuta za mirija hiyo kuna seli ambazo, upande wao unaotazama damu, zina pampu zinazosukuma sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili, zikitumia nishati bila kupumzika. Mdenmark Jens Christian Skou ndiye aliyeigundua pampu hiyo mwaka 1957, akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia miaka 40 baadaye. Kwa kuwa pampu huifanya seli iwe na upungufu wa sodiamu, sodiamu iliyomo kwenye mrija hukimbilia ndani ya seli, na katika kuingia kwake huvuta vitu vingine: sukari, amino asidi, fosfeti. Maji hufuata. Sehemu ya kwanza ya mrija hurudisha takriban theluthi mbili ya sodiamu na maji yote yaliyochujwa, na huifanya kazi hiyo kwa kiwango kinachobadilika kidogo tu. Baada yake mrija hushuka hadi kwenye kina cha figo na kupanda tena, ukifanya umbo la kitanzi ambalo Mjerumani Jakob Henle alilieleza mwaka 1862; hapo robo nyingine ya sodiamu hurudishwa, lakini katika upande unaopanda maji hayaruhusiwi kufuata, na matokeo yake ni kwamba nyama ya ndani ya figo hujaa chumvi. Tutaona baadaye chumvi hiyo inatumika kufanyia nini. Kinachobaki, sehemu ndogo isiyofikia asilimia 10, hufika kwenye mirija ya mwisho, na maamuzi ya kweli hufanyika hapo, kwa sababu mirija ya mwisho hutii homoni.

Sodiamu ina jambo moja linalowachanganya watu wengi, hata wale waliosoma. Kiasi cha sodiamu mwilini na ukolezi wa sodiamu katika damu ni mambo mawili tofauti, na figo huyasimamia kwa njia mbili tofauti.

Kiasi cha sodiamu ndicho kinachoamua ujazo wa maji yaliyo nje ya seli, ikiwemo damu, kwa kuwa maji hufuata chumvi. Kwa hiyo mwili hauihesabu sodiamu moja kwa moja. Unapima kama mishipa imejaa vya kutosha. Damu inapopungua, iwe kwa kuhara, kutokwa jasho jingi au kuvuja damu, seli maalumu kando ya vishada vya figo humwaga renini, kitu ambacho Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman walikigundua huko Stockholm mwaka 1898. Renini huanzisha mfululizo unaozaa angiotensini, ambayo huibana mishipa ya damu na kuziamrisha tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo kama vikofia, zitoe aldosteroni. Aldosteroni hufika kwenye mirija ya mwisho na kufungua njia za sodiamu, ikarudi kwenye damu. Damu ikijaa kupita kiasi, renini hunyamaza, na vyumba vya juu vya moyo vilivyotanuka hutoa homoni yao wenyewe inayoziambia figo ziachie chumvi. Uwezo wa kubana sodiamu ni mkubwa mno: mtu asiyepata chumvi kabisa anaweza, baada ya siku chache, kukojoa mkojo usio na sodiamu karibu hata kidogo. Nadhani uwezo huo unaeleweka vizuri zaidi mtu akikumbuka jinsi chumvi ilivyokuwa adimu katika nchi za bara kama yetu, Uganda, ilipotoka kwenye Ziwa Katwe huko Kasese au Kibiro kwenye ufuo wa Ziwa Albert, ambako wanawake huchuja udongo wenye chumvi na kuchemsha maji yake. Leo chumvi ya pakiti inauzwa kila duka, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, lakini figo bado zina tabia ya kuikumbatia.

Ukolezi wa sodiamu, yaani ile namba iliyoandikwa kwenye majibu ya maabara, ni habari ya maji zaidi kuliko ya chumvi. Seli zilizo katika sehemu ya chini ya ubongo hugundua damu inapokolea hata kwa asilimia moja au mbili; hapo kiu huja, na homoni ya vasopresini hutolewa. Vasopresini huzifanya kuta za mirija ya kukusanya mkojo zifunguke kwa maji kupitia vijitundu maalumu, akuaporini, ambavyo ugunduzi wake ulimpa Mmarekani Peter Agre Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Mirija hiyo hupita katikati ya ile nyama ya figo iliyojaa chumvi, na chumvi huyavuta maji yatoke mkojoni na kurudi kwenye damu. Mkojo hubaki mchache na wa manjano iliyokolea. Homoni ikikosekana, maji hupita moja kwa moja na mkojo huwa mwingi na mweupe kama maji. Ndiyo maana sodiamu iliyoshuka kwenye karatasi ya majibu mara nyingi haimaanishi kwamba mgonjwa hana chumvi. Mtoto mwenye malaria kali au nimonia, kwa mfano, anaweza kuwa na sodiamu ya 128 kwa sababu ugonjwa umeufanya mwili utoe vasopresini wakati hauihitaji, figo zikabana maji, na chumvi ikazimuliwa. Kumlisha chumvi mgonjwa wa namna hiyo hakumtibu. Na pale sodiamu iliposhuka kwa siku nyingi, kuipandisha upesi kunaweza kudhuru ubongo kabisa, kwa hiyo madaktari hujizuia wasiipandishe kwa zaidi ya millimoli 8 hadi 10 kwa lita katika saa 24.

Potasiamu ni habari nyingine, na kwa maoni yangu hapa ndipo figo zinapoonyesha umahiri wao hasa, kwa sababu chakula cha Uganda kinazipa kazi ngumu. Karibu asilimia 98 ya potasiamu ya mwili imo ndani ya seli. Ile iliyo nje, katika damu na maji yanayozunguka seli, ni millimoli 60 hivi tu kwa mwili mzima. Sasa chukua sahani ya kawaida ya mchana: matoke ya kushiba, na mchuzi wa maharage juu yake. Sahani hiyo hubeba kwa urahisi zaidi ya gramu moja ya potasiamu, na tukikadiria gramu 1.2, hiyo ni takriban millimoli 30, yaani nusu ya akiba yote iliyo nje ya seli. Kama potasiamu hiyo yote ingebaki katika damu na maji yaliyo nje ya seli, kiwango kingetoka 4 na kupita 6, ambako mapigo ya moyo huanza kuharibika. Mtu hula, hunawa mikono, hurudi kazini, na halimpati lolote. Kinachomwokoa kwanza ni insulini, ambayo hutolewa kwa ajili ya wanga wa matoke hayohayo na kwa njia hiyohiyo huisukuma potasiamu iingie kwenye seli za misuli na ini. Lakini hilo ni jambo la kuhifadhi kwa muda tu. Katika saa zinazofuata figo ndizo zinazoitoa, zikichukua takriban asilimia 90 ya mzigo na kuliachia utumbo sehemu iliyosalia.

Namna zinavyoitoa inatofautiana na nilivyoeleza kuhusu sodiamu. Potasiamu iliyochujwa hurudishwa karibu yote kabla ya kufika mirija ya mwisho, bila kujali mtu amekula nini. Kisha, katika mirija hiyo ya mwisho, seli huichukua potasiamu kutoka kwenye damu na kuimwaga upya mkojoni kwa kiasi kinachotakiwa. Potasiamu tunayokojoa, kwa hiyo, kwa sehemu kubwa haikupitia kichujio. Imemwagwa baadaye kwa makusudi. Anayesimamia ni aldosteroni tena, ambayo tezi za adrenali huitoa pia pale potasiamu ya damu inapopanda hata kidogo. Inapofungua njia ya sodiamu kuingia kwenye seli, huacha ndani ya mrija chaji hasi inayoivuta potasiamu itoke. Hapo pana udhaifu wa kuangaliwa: figo zinaweza kuizuia sodiamu isitoke karibu kabisa, lakini potasiamu haiwezi kuzuiwa hivyo, na millimoli 10 hadi 15 huendelea kupotea kila siku hata kwa mtu ambaye hali chochote.

Kuharisha sana, kama inavyotokea kipindupindu kinapozuka kwenye vijiji vya wavuvi, kunayakutanisha mambo haya yote katika mwili mmoja. Maji na sodiamu hupotea kwa utumbo, damu hupungua, renini na aldosteroni hupanda, na figo hubana sodiamu kwa nguvu zote ili kuokoa ujazo wa damu. Lakini aldosteroni hiyohiyo huimwaga potasiamu, juu ya ile inayopotea kwa kuhara, kwa hiyo mgonjwa huishia na misuli legevu na tumbo lililovimba. Bikaboneti nayo hupotea kwa kinyesi na damu huelekea kuwa na asidi. Mchanganyiko wa maji ya chumvi na sukari unaotolewa kwenye vituo vya afya umetungwa kwa kuzingatia hasara hizo: lita moja ina sodiamu millimoli 75, potasiamu 20, sitreti 10 ambayo mwili huigeuza kuwa bikaboneti, na glukosi 75. Glukosi haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Utumbo, kama ule mrija wa kwanza wa figo, una mlango ambao sodiamu na glukosi huingia pamoja, na mlango huo huendelea kufanya kazi hata kipindupindu kinapokuwa kikali. Maji ya kunywa matupu hayana cha kuingilia nacho, na kwa mgonjwa wa namna hii yanaweza hata kuizimua sodiamu iliyobaki.

Asidi imetajwa, na inastahili maneno machache. Chakula na shughuli za mwili huzalisha kila siku takriban millimoli moja ya asidi kwa kila kilo ya uzito, na bikaboneti ndiyo inayoimeza. Figo hurudisha bikaboneti karibu yote iliyochujwa, kisha hutengeneza mpya kufidia iliyotumika, huku zikitupa asidi mkojoni ikiwa imebebwa na amonia na fosfeti. Kalsiamu na fosfeti husimamiwa na homoni ya tezi za parathiroidi, zilizo nyuma ya tezi ya shingo, na figo pia ndizo zinazokamilisha vitamini D iwe na nguvu ya kuufanya utumbo ufyonze kalsiamu. Magnesiamu hurudishwa zaidi katika kitanzi cha Henle.

Sehemu mbalimbali za mrija zikiharibika, kila moja huacha alama yake. Ugonjwa wa selimundu ni mfano ulio karibu nasi sana, kwani upimaji wa watoto wachanga nchini Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba takriban 13 katika kila 100 hubeba chembe moja ya urithi wake. Nyama ya ndani ya figo ina chumvi nyingi na oksijeni kidogo, mazingira yanayozifanya seli nyekundu za mgonjwa zijikunje na kuziba mishipa. Kidogo kidogo figo hupoteza uwezo wa kukoleza mkojo. Mtoto hukojoa mara nyingi, hulowesha kitanda katika umri ambao wenzake wameacha, na huishiwa maji haraka anapopata homa au kuhara. Mzazi anayemchapa kwa kukojoa kitandani anamwadhibu kwa jambo lililo nje ya uwezo wake.

Dawa nazo hugusa mirija. Amfoterisini B, inayotumika kutibu homa ya uti wa mgongo ya kuvu kwa watu wenye upungufu wa kinga, hutoboa vijitundu katika seli za mirija, na potasiamu na magnesiamu huvuja. Ndiyo maana wodini mgonjwa huyo hupewa madini hayo na kupimwa damu mara kwa mara. Vidonge vya kuongeza mkojo kama furosemidi huzuia sodiamu isirudishwe kwenye kitanzi cha Henle, sodiamu hiyo ikafika kwa wingi mirija ya mwisho na kuifukuza potasiamu. Spironolaktoni hufanya kinyume chake kwa kuzuia aldosteroni, na dawa za presha kama kaptoprili na enalaprili huipunguza aldosteroni kwa kuzuia angiotensini, hivyo hizi mbili za mwisho, pamoja na spironolaktoni, huweza kuipandisha potasiamu kwa mtu mwenye figo dhaifu.

Majibu ya potasiamu yenyewe husomwa kwa tahadhari. Damu iliyotolewa asubuhi kwenye kituo kidogo na kupelekwa mjini kwa bodaboda hufika maabara saa nyingi baadaye, na ikiwa seli nyekundu zimepasuka njiani potasiamu yake humwagika ndani ya chupa. Namba ya 6.8 inayotokana na chupa hiyo ni ya chupa, si ya mgonjwa. Fundi wa maabara aliye makini huitambua kwa wekundu wa maji ya juu na huomba sampuli nyingine, ingawa daktari huangalia kwanza umeme wa moyo, kwa kuwa potasiamu iliyopanda kweli haingoji.

Figo zinaposhindwa, kama kwa wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine katika Hospitali ya Kiruddu jijini Kampala, potasiamu ya chakula hukosa mlango wa kutokea kati ya siku moja ya mashine na nyingine, na upishi huwa sehemu ya matibabu. Matoke yetu hufungwa kwenye majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke, na mvuke hauondoi potasiamu. Yakimenywa, kukatwa vipande vidogo na kuchemshwa katika maji mengi ambayo baadaye yanamwagwa, sehemu kubwa ya potasiamu huenda na maji hayo. Hali ni hiyohiyo kwa viazi na mihogo. Maji ya majivu yaliyochujwa, ambayo kaskazini hutumika kulainisha mboga na maharage, yana potasiamu nyingi kwa sababu ni majivu ya mimea, na vivyo hivyo baadhi ya chumvi zinazouzwa kwa sifa ya kuwa na sodiamu kidogo, ambazo sodiamu yake imebadilishwa na potasiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima chumvi hizo zinaweza kusaidia presha. Kwa mgonjwa wa figo zinaweza kusimamisha moyo, kwa hiyo asizitumie kabla ya kuulizia kwenye kliniki yake.